Herufi isiyopigiwa kura: kisa cha Kihawaii na mkato wake

"Ua moʻa ka moa." Ningekuwa mwalimu wa Kihawaii, ningeanza na sentensi hii, ingawa maana yake ni ya jikoni tu: kuku ameiva. "Ua" inasema jambo limekwisha kutimia, "moʻa" ni kuiva kwa kilichopikwa, "ka" inaonyesha kwamba kuku huyo anajulikana, na "moa" ndiye kuku mwenyewe. Kitenzi kinatangulia, anayehusika anafuata. Na kati ya kuiva na kuku kuna tofauti moja pekee: kwenye "moʻa" pumzi inakatwa kooni katikati ya neno, kwenye "moa" inapita bila kizuizi.

Mkato huo Mswahili anao, ila hauweki kwenye hesabu. Mpe mtoto uji asioutaka akujibu "A'a!" Hapo katikati koo limejifunga na kujifungua. Sisi tunautumia kukataa, basi. Hatujengi nomino wala kitenzi juu yake. Hata maneno ya Kiarabu yaliyotujia na sauti za kooni tuliyalainisha: saa, maana, laana, yote leo ni irabu mbili zinazotelezeana. Kihawaii hakilainishi. Kwao mkato ni konsonanti kamili, ina haki sawa na p au m. Wenyewe wanauita ʻokina, kutokana na kitenzi "ʻoki", kukata.

Ukifungua gazeti la Kihawaii la karne ya 19, konsonanti hiyo haimo. Utakuta "ua moa ka moa", kana kwamba mtu ameandika kuku amekuku. Msomaji wa wakati ule hakuhangaika. Msomaji wa leo anasimama, anarudi nyuma, anafungua kamusi. Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: ilikuwaje lugha yenye konsonanti nane tu ikakosa moja kwenye maandishi, na hasara ilimwangukia nani.

Konsonanti zenyewe ni p, k, h, m, n, l, w na huo mkato. Irabu ni tano, zilezile zetu, ila kila moja inaweza kuwa fupi au ndefu. Silabi zote ziko wazi: konsonanti mbili hazifuatani, na neno haliishii kwa konsonanti. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili anajisikia kama yuko kwao, mpaka aone Kihawaii kinavyokula maneno ya kigeni. Sisi Christmas tuliichukua tukaifanya Krismasi, tukavumilia "kr" na "sm" humo ndani. Wao hawakuvumilia kitu. R haipo, ikawa l. S haipo, na iliyo karibu nayo ni k. Kila konsonanti ikapewa irabu ya kuegemea. Matokeo ni Kalikimaka. Neno la Kiingereza la shule lilipita kwenye chujio hilohilo likatoka "kula". Neno la dhahabu nalo likatoka "kula". Na "kula" ya asili, yenye maana ya uwanda, ilikuwepo tangu zamani. Kwa hiyo Mhawaii ana kula tatu, na hakuna hata moja inayohusu chakula.

Sauti zikiwa chache, kila moja inabeba mzigo mzito. Ondoa konsonanti moja katika lugha yenye ishirini na kitu, utaumia kidogo. Ondoa moja katika nane, umeng'oa nguzo.

Na mkato una ukoo wake. Kihawaii ni tawi la Kipolinesia, na Kipolinesia ni tawi la familia kubwa ya Kiaustronesia iliyosambaa kwa mitumbwi kuanzia Taiwani. Tawi lingine la familia hiyo liko jirani yetu kabisa, Bukini, yaani Madagaska. Mmalagasi anahesabu roa, telo, fito, valo. Mhawaii anahesabu lua, kolu, hiku, walu: mbili, tatu, saba, nane. Mbingu huku ni "lanitra", kule ni "lani". Kati ya watu hawa kuna bahari mbili, lakini ukijua sauti gani iligeuka nini, unaona ni neno moja limevaa nguo tofauti. T ya zamani katika "telo" na "fito" imekuwa k katika "kolu" na "hiku".

Basi k ya zamani ilikwenda wapi? Ilirudi kooni. Samaki, ambaye kwa Waindonesia ni "ikan" na kwa Wamaori wa New Zealand ni "ika", kwa Mhawaii ni "iʻa". Mtumbwi, ambao kwa Mmaori ni "waka", ni "waʻa". Mkato ni mabaki ya k iliyokufa. Kiti chake kilipobaki wazi, t ikasogea kukikalia: "tapu", mwiko, ikawa "kapu", "tangata", mtu, akawa "kanaka". Msogeo huu wa pili haukuwa umekamilika kila mahali wageni walipofika na kalamu zao. Visiwa vingine na wasemaji wengine walisema t, wengine k, na mtu mmoja aliweza kutumia zote mbili bila kujiona anabadilisha kitu. Hilo ndilo lililozaa kura ya wamishonari kuhusu herufi za kuandikia.

Kabla ya kura kila mgeni aliandika alivyosikia. Nahodha Mwingereza James Cook na mabaharia wake, waliofika 1778, waliacha jina "Owhyhee". Watu hucheka tahajia hiyo, lakini masikio yao hayakuwa mabaya. Ile O ya mwanzo ni kijineno "ʻo" kinachotangulia jina la pekee. Ukiuliza hiki ni kisiwa gani, unajibiwa "ʻO Hawaiʻi", yaani ni Hawaiʻi. Ni sawa na mgeni aliyeuliza mji huu unaitwaje, akaambiwa "ni Lamu", akarudi kwao na ramani iliyoandikwa Nilamu. Walichokosa ni sarufi, sauti waliipata.

Wamishonari waliotumwa kutoka Boston walifika mwaka 1820, na Januari 7, 1822 mashine yao ya chapa ikatoa karatasi ya kwanza ya kufundishia kusoma. Chifu Keʻeaumoku ndiye aliyevuta mkono wa mashine. Shida ikaanza mara moja, maana huwezi kuchapa bila kuamua. Mfalme aliyeunganisha visiwa ni Kamehameha au Tamehameha? Mwanawe ni Liholiho au Rihoriho? Mji ni Honolulu au Honoruru? William Ellis, mmishonari aliyekuja kutoka Tahiti mwaka huohuo wa 1822, alisaidia sana kwa sababu Kitahiti na Kihawaii ni ndugu wa karibu. Lakini Kitahiti kina t, r na v zisizotiliwa shaka, kwa hiyo ujuzi wake haukuweza kumaliza ubishi wa upande huu.

Mwaka 1826 wakaamua kwa kura. Wamishonari waliulizwa: b au p? L, r au d? T au k? V au w? Zikapita p, l, k na w. B, d, r, t na v zikatolewa, zikaachwa kwa ajili ya majina ya kigeni, hasa ya Biblia: Iesu Kristo aliruhusiwa kubaki na s na t zake. Alfabeti ya Kihawaii ikawa na herufi 12: irabu tano, kisha h, k, l, m, n, p, w.

Watu wengi wanaosimulia kura hii huifanya kichekesho: wageni wamekaa mezani wanagawana herufi za lugha ya wenyewe. Mimi naona kazi yenyewe ilikuwa nzuri kuliko tunavyoikubali. Hawakuua sauti. Waligundua kwamba l na r kwa Mhawaii si vitu viwili. Huku kwetu wapo wasemaji ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi l na r, wakasema "habali" na "kurara", nasi tunawacheka kwa sababu Kiswahili kinatenganisha: kula si kura. Kwenye Kihawaii hakuna cha kucheka, kwa sababu hakuna maneno mawili yanayotofautishwa na l na r peke yake, wala na t na k. Herufi moja kwa fonimu moja, yaani kwa kila sauti inayotenganisha maneno: ndiyo kanuni ambayo wanaisimu walikuja kuiandika vitabuni baadaye sana. Hawa waliifikia kwa kuhesabu mikono.

Gharama ndogo ilikuwepo. K ilipochapwa kila mahali, aliyekuwa akisema t alionekana anakosea kitabu. Kisiwa cha Niʻihau, ambacho familia moja ilikinunua kwa Kamehameha wa Tano mwaka 1864 na ambacho hadi leo hakiingiliwi ovyo na wageni, kimeendelea kutumia t pamoja na k. Ndiko Kihawaii kilikorithishwa kutoka mzazi hadi mtoto bila kukatika, na watu wa huko hawakusubiri kamati iwaambie herufi ipi ni yao.

Ila mkato haukuwemo kwenye orodha ya kura. Kura iliuliza herufi ipi kati ya hizi mbili. Sauti isiyo na herufi haikuweza kugombea. Kwa mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiingereza, mkato wa kooni si sauti, ni namna ya kuvuta pumzi.

Na hapa ndipo kisa kinapovutia, kwa sababu waliusikia. Tunajua waliusikia, kwa kuwa katika maneno machache waliuandika kwa kituo kidogo cha juu. Maneno hayo ni ko'u na ka'u. "Koʻu" ni yangu. "Kou" ni yako. Mtu anayetafsiri Zaburi hawezi kuacha jambo hilo hewani: mchungaji wangu akikosa mkato anakuwa mchungaji wako. Basi kwenye mchungaji wakaweka alama, kwenye kuku wakamwachia msomaji ajijue.

Tukae kidogo kwenye hayo maneno mawili, maana ndani yake mna sarufi nzuri kuliko zote za lugha hii. Kwa nini kuna "koʻu" na pia "kaʻu", ilhali zote ni "yangu"? Kiswahili nacho kina wangu, yangu, changu, langu, lakini kwetu kinachoamua ni ngeli ya kitu. Kihawaii hakiangalii kitu. Kinaangalia uhusiano wako nacho. Ulichokipata, ulichokitengeneza au ulichokianzisha wewe kinachukua a: "kaʻu keiki", mtoto wangu, "kaʻu wahine", mke wangu, "kaʻu moʻopuna", mjukuu wangu. Ulichokikuta, kinachokubeba, kinachokufunika au kilicho sehemu yako kinachukua o: "koʻu makuahine", mama yangu, "koʻu kupuna", babu au bibi yangu, "koʻu hale", nyumba yangu, "koʻu waʻa", mtumbwi wangu. Mke ni wa a na mtumbwi ni wa o. Mke umemwoa, mtumbwi umekupakia.

Na neno moja linaweza kukaa pande zote mbili. "Kaʻu kiʻi" ni picha niliyoichora au niliyoipiga. "Koʻu kiʻi" ni picha yangu, mimi ndimi ninayeonekana. "Kaʻu mele" ni wimbo nilioutunga. "Koʻu mele" ni wimbo nilioimbiwa. Sisi kwa "wimbo wangu" lazima tuongeze maelezo, la sivyo msikilizaji hajui umeutunga au umesifiwa. Kwenye yako ni vilevile: "kou" kwa upande wa o, na "kāu" kwa upande wa a, a yake ikivutwa. Sasa andika yote bila mkato na bila alama ya kuvuta: kou, kou, kau, kau. Yangu na yako zimekuwa kitu kimoja. Kamati ililiona shimo hilo, ikaliziba kwa kipande kimoja cha ubao, ikaenda zake.

Ushahidi ninaoupenda zaidi lakini uko kwenye kile kijineno "ka". Kina umbo la pili, "ke". Kanuni inasema "ke" inatangulia maneno yanayoanza na a, e, o na k; mengine yanachukua "ka". Kwa hiyo ni "ke aloha", upendo. "Ke ola", uhai. "Ke akua", mungu. Lakini "ka hale", nyumba, na "ka moa", yule kuku wetu. Fungua gazeti la zamani, utakuta "ke ola" imeandikwa jirani na "ka olelo". Maneno yote mawili yanaanza na o. Kwa nini moja lina ke na jingine ka? Kwa sababu la pili halianzi na o. Linaanza na mkato: ʻōlelo, lugha, usemi. Sarufi imeisikia konsonanti ambayo karatasi haina. Vivyo hivyo "ka aina" ni "ka ʻāina", nchi, ardhi. Kuna maneno machache yanayoasi, kama "ke ʻano", namna, lakini kwa jumla kijineno hiki kinashuhudia. Ni kama ki- yetu inavyogeuka ch- ikikutana na irabu, chombo, chakula; kiambishi kinajua kinachokifuata hata macho yasipojua.

Irabu ndefu nazo ziliachwa, na huko nako kuna sarufi. "Wahine" ni mwanamke, "wāhine" ni wanawake. "Kanaka" ni mtu, "kānaka" ni watu. "Kupuna" ni babu au bibi, "kūpuna" ni wazee wa ukoo. Kwa kundi hili dogo la maneno, wingi umo kwenye kuvuta silabi ya kwanza. Gazeti lisiloandika urefu halikuambii ni mzee mmoja au ukoo mzima. Nafsi pia: "sisi" yetu kwao ni nne. "Kāua" ni mimi na wewe tu, "māua" ni mimi na mwenzangu wewe haumo, "kākou" ni sisi sote pamoja nawe, "mākou" ni sisi kundi na wewe uko nje. Hizi angalau zinatofautiana kwa k na m, kwa hiyo maandishi hayakuzidhuru.

Mifano ya mkanganyiko inaweza kujaza daftari. "Pau" iliyoandikwa tupu ina sura nne: pau, kwisha, paʻu, masizi, paʻū, unyevunyevu, pāʻū, ile sketi ya wanawake wapanda farasi. "ʻAi" ni kula, lakini ukimeza mkato wake umetaja jambo la chumbani, na mgeni anayeomba chakula kwa heshima anaweza kuwafanya wenyeji wainamishe vichwa.

Basi walisomaje? Walisoma vizuri sana. Hili ndilo linalosahaulika. Kusoma na kuandika kulienea visiwani kwa kasi. Biblia nzima ikakamilika 1839. Gazeti la kwanza, Ka Lama Hawaii, likatoka 1834 katika shule ya Lahainaluna kisiwani Maui. Na tangu hapo hadi 1948 yakachapwa magazeti zaidi ya mia moja, kurasa zinazokadiriwa kufikia 125,000. Ndani yake mna siasa, maombolezo, nasaba, hadithi ndefu za miungu zilizotoka wiki baada ya wiki, na ugomvi wa wahariri. Karibu zote bila ʻokina. Waandishi hawa hawakuwa wanahangaika na alfabeti mbovu. Walikuwa na masikio, na masikio yalijaza kilichokosekana.

Sisi tuna mfano wetu. Mmvita akisema kaa aliyekaa juu ya kaa la moto, kaa wa baharini anatoka na pumzi, k'aa, na lile la moto linatoka kavu. Paa la nyumba ni kavu, p'aa wa porini ana pumzi. Tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga ni hivyohivyo. Tahajia sanifu iliyosimama juu ya Kiunguja kuanzia miaka ya 1930 haiandiki pumzi hiyo, na Mmvita anaendelea kusoma bila kukwama. Kabla yake mashairi yetu yaliandikwa kwa hati za Kiarabu zisizokuwa na p wala ch wala njia ya kutenganisha e na i, na wazee waliyasoma kwa sauti nzuri, kwa kuwa walikuwa wanayajua kabla ya kuyasoma. Maandishi pungufu ni deni, na mkopeshaji ni sikio la msomaji. Sikio likiwepo, hakuna anayeliona deni.

Visiwani humo deni lilidaiwa baada ya 1893. Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wanasiasa, wengi wao wenye asili ya Marekani, wakisaidiwa na wanamaji wa Marekani walioshuka mjini. Mwaka 1896 serikali ya jamhuri waliyoiunda ilipitisha sheria iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Shule za Kihawaii zilikuwa zimeanza kupungua kabla ya hapo, na sheria ikafunga mlango. Haikumkataza mtu kuongea nyumbani kwake, lakini watoto waliadhibiwa wakisikika wakiongea shuleni, na wazazi waliojionea hayo wakaamua kuwapunguzia watoto wao mateso kwa kuongea nao Kiingereza. Mwaka 1898 Marekani ikavimeza visiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliokuwa wakikisema Kihawaii walikadiriwa kuwa chini ya 50.

Hapo ndipo uamuzi wa 1826 ulipoanza kuuma. Mjukuu aliyelelewa kwa Kiingereza anafungua gazeti aliloandika baba wa babu yake, anakuta "pau". Hana sikio la kumjazia. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama wamishonari waliiharibu lugha kwa alfabeti yao, jibu langu ni hapana, aliyeharibu ni aliyekata urithi. Lakini wao ndio waliotengeneza maandishi ambayo mrithi aliyekatwa hawezi kuyafungua peke yake. Ni makosa ya watu wawili yaliyokutana kwa mtoto mmoja.

Aliyebeba mzigo mkubwa wa kurudisha mkato alikuwa Mary Kawena Pukui, aliyezaliwa 1895 wilaya ya Kaʻū na kulelewa na bibi yake aliyemjaza lugha. Yeye na Samuel Elbert walitoa kamusi mwaka 1957, na humo kila neno limeandikwa na ʻokina yake na kahakō yake, kile kistari cha juu ya irabu ndefu. Kahakō maana yake ni alama ya kuvuta. Kamusi ya Lorrin Andrews ilikuwepo tangu 1865, lakini hii ya 1957 ndiyo iliyomwezesha mtu asiye na bibi kujua neno linatamkwaje. Mwaka 1978 katiba ya jimbo ikakifanya Kihawaii lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mwaka 1983 likaanzishwa shirika la ʻAha Pūnana Leo, jina lenye maana ya kiota cha sauti, kwa kuiga vituo ambavyo Wamaori walikuwa wameshavifungua New Zealand, na chekechea ya kwanza ikafunguliwa 1984 Kekaha, kisiwani Kauaʻi, ng'ambo tu ya Niʻihau. Mwaka 1987 madarasa ya Kihawaii yakaingia katika shule za serikali. Watoto wa madarasa hayo wanafundishwa mkato kama herufi.

Ukarabati una mikwaruzo yake. Simu na kompyuta ziliwafanya watu waweke kituo cha kawaida cha juu mahali pa ʻokina, jambo tunalolijua sisi tunaoandika ng'ombe na kuona vijana wakituma "ngombe" bila kujali. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kuweka alama ni kutafsiri. Ushairi wa Kihawaii unaishi kwa kaona, maana ya ndani iliyofichwa chini ya maana ya juu, na mtunzi aliyeandika "kou" au "pau" bila alama huenda alitaka msikilizaji akae na maana mbili kwa wakati mmoja. Mhariri wa leo akibandika ʻokina amechagua moja na kuifukuza nyingine. Waswahili waliokua na mafumbo wanalielewa hilo bila kufundishwa: ukimwandikia msomaji k'aa na kaa, umemnyima mzaha.

Ndiyo maana baadhi ya wahariri wanaochapa upya maandishi ya zamani wanayaacha jinsi yalivyo, na alama zao wanaziweka kwenye nakala ya pembeni. Nami niko upande wao, ingawa nikiri kwamba nisingeweza kusoma ukurasa mmoja bila hiyo nakala ya pembeni.

Halafu kuna kisa cha kisiwa kilicho kati ya Oʻahu na Maui. Ramani na vitabu vingi vya leo vinakiandika Molokaʻi, mkato mbele ya i ya mwisho. Baadhi ya wazee wa kisiwa chenyewe wamesema maisha yao yote waliita Molokai, mwisho ukiteleza bila kukata popote, na kwamba mkato ulitoka kwenye nyimbo. Wengine, wenyeji vilevile, wanakata. Magazeti ya karne ya 19 hayawezi kuamua, kwa sababu yanaandika Molokai kwa wote wawili.